Roboti anakuja au inakuja?

Tuseme mtoto wa darasa la tatu anataka kwenda shule na roboti ya nyumbani kwao. Kabla mzazi hajasema ndiyo au hapana, Kiswahili kinambana: atamwambia mwalimu kwamba roboti anakuja, au roboti inakuja? Kwa Kiingereza swali hili lingeweza kupita bila kuonekana, maana kitenzi chao hakijali kama kinachokuja ni mtu au gari. Sisi hatuna nafasi hiyo. Tukifungua mdomo tu tumeshaamua kama ni kiumbe au kitu. Na lugha yenyewe haina msimamo mmoja. Mwanasesere ni kitambaa na pamba, lakini tunamwita mwana, na akipotea tunasema amepotea.

Mimi nitasema inakuja. Ila najua mtoto atasema anakuja, na mjadala wote uko hapo kati yetu.

Isaac Asimov aliuona mapema. Hadithi yake "Robbie" ilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1940, kisha ikaingia kwenye kitabu chake I, Robot cha mwaka 1950. Gloria ni mtoto mdogo anayelelewa na roboti isiyoweza kusema, na hana rafiki mwingine anayemtaka. Mama yake anataka roboti iondoke. Inaondolewa kwa siri, Gloria analetewa mbwa, naye anamkataa huyo mbwa. Kwake Robbie hakuwa mashine, alikuwa mtu na rafiki yake. Mwishoni wazazi wanampeleka kiwandani, anamwona Robbie, anamkimbilia bila kuangalia trekta inayokuja, na Robbie anamwokoa. Mama anasalimu amri. Wasomaji tunashangilia.

Nataka kumtetea huyo mama. Sababu zake kadhaa ni dhaifu, ikiwemo ile ya majirani watasema nini. Lakini moja ina uzito: binti yake hachezi na watoto wengine. Hadithi inaipita hoja hiyo mbio mbio kwa sababu inataka tufike kwenye trekta. Hebu sisi tusiende mbio.

Kwanza tukubaliane kwamba mapenzi ya mtoto kwa roboti ni ya kweli, na mtu mzima anayecheka "ni dude tu hilo" hajaelewa kitu. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, walichapisha matokeo ya jaribio moja. Watoto 90, wa miaka 9, 12 na 15, walicheza na kuzungumza na roboti iitwayo Robovie, ambayo kwa siri ilikuwa inaendeshwa na watu. Katikati ya mchezo anaingia mtafiti, anaiambia roboti muda umekwisha, anaipeleka kabatini. Roboti inalalamika kwamba si haki, tena inaogopa giza. Baadaye watoto wakaulizwa. Zaidi ya nusu walisema haikuwa sawa kuiweka kabatini. Wengi waliamini ina akili na hisia, na kwamba inaweza kuwa rafiki yao.

Kuna sehemu nyingine ya matokeo hayo ambayo ndiyo inayonikosesha raha. Wengi wa watoto walewale waliona hakuna ubaya roboti ikinunuliwa na kuuzwa. Yaani inaogopa giza, inastahili haki, ni rafiki, na bado ina bei.

Sisi watu wa pwani hii tunapaswa kushtuka tukisikia hivyo. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873. Kabla ya hapo zilikuwepo nyumba ambamo mtu alilea watoto, akapendwa nao kwa dhati, akaitwa wa nyumbani, na bado angeweza kuuzwa. Sisemi roboti ni mtumwa. Chuma hakiumii, na kulinganisha maumivu ya watu na malalamiko ya mashine ni matusi kwa waliouzwa. Hoja yangu inamhusu mtoto. Moyo wake unazoea mambo mawili kukaa pamoja bila kugombana: nakupenda, na wewe ni mali yangu. Rafiki wa namna hiyo hakununii, hakunyimi zamu, hakuambii leo nataka kucheza na fulani. Ukimchoka unamzima.

Nyumbani jambo hilo linavumilika, maana mtoto amezungukwa na wengine wanaomkatalia: kaka, bibi, jirani mwenye mpira wake. Shule ni suala jingine. Kwa watoto wengi shule ndiyo mahali pa kwanza wanapokutana na watu ambao si wa kwao kwa maana yoyote. Anayekaa naye dawati moja hakuchaguliwa na mama yake. Anaweza kumpokonya kalamu, kumcheka, kisha kesho yake kumgawia nusu ya andazi, na hakuna aliyelipwa wala kutengenezwa ili afanye hivyo. Andazi lile lina thamani kwa sababu mwenzake angeweza kulila lote.

Asubuhi nje ya shule nyingi za hapa Dar es Salaam utamwona dada wa kazi amebeba begi la mtoto. Akifika getini anamkabidhi begi, anamtengeneza kola, anarudi. Hakuna anayeona dada amedharauliwa. Ni kwamba kila mtu anaelewa kuwa kuanzia hapo mtoto abebe mwenyewe. Akiingia na dada darasani, wenzake hawatamsogelea yeye, na yeye hatakuwa na haja ya kuwasogelea wao.

Halafu kuna hao wenzake, ambao hakuna aliyewauliza. Roboti ya siku hizi ina kamera na vipaza sauti, na mara nyingi inachosikia kinasafiri kwenye intaneti kwenda kwa kampuni. Mzazi mmoja amekubali masharti kwa niaba ya darasa la watoto 45. Mwaka 2023 ofisi ya kamishna wa ulinzi wa data nchini Kenya iliitoza shule moja faini ya zaidi ya shilingi milioni nne kwa kuweka hadharani picha za watoto bila idhini ya wazazi. Hizo zilikuwa picha tu. Kinachoingia na roboti ni sikio linalokaa darasani tangu kengele ya kwanza hadi ya mwisho.

Na hiyo kampuni ndiyo mwenye rafiki. Marekani, kampuni ya Embodied iliuza roboti ndogo ya watoto iitwayo Moxie kwa dola 799. Iliongea na watoto na kuwafundisha kutaja hisia zao. Desemba 2024 ikatangazwa kwamba kampuni inafungwa kwa kukosa fedha. Akili ya Moxie ilitegemea seva za mbali, kwa hiyo rafiki angenyamaza siku ambayo seva zingezimwa. Baadaye ilitafutwa njia ya kuziendesha bila kampuni, lakini kwanza wazazi waliandaliwa barua ya kuwasaidia kuwaeleza watoto wao. Hebu fikiria kumsomea mtoto barua hiyo. Kumbe uhai wa rafiki yake ulikuwa unasubiri mwekezaji asaini.

Sasa nije kwenye hoja inayonisumbua kweli, maana mpaka hapa nimejirahisishia kazi. Nchini Norway, kampuni ya No Isolation inatengeneza roboti iitwayo AV1. Ni kichwa na mabega meupe, inakaa juu ya dawati la mtoto ambaye ni mgonjwa na hawezi kufika shule. Yeye yuko kitandani na simu au kishikwambi, anaona na kusikia darasa kupitia roboti, anaongea kupitia roboti, na akitaka kujibu swali taa inawaka kichwani mwake. Haiwezi kutembea. Wakati wa mapumziko wanafunzi wenzake wanaibeba.

Ningeiwekea geti hiyo? Hapana. Wala sioni kama najipinga. Roboti ile inamleta mtoto kwa wenzake, na bila mikono yao haifiki popote. Rafiki siku hiyo ni yule aliyeinyanyua akaipeleka uwanjani. Hata Kiswahili hapa hakinibani tena: nikisema anakuja, ninayemtaja ni mtoto.

Ila yupo mtoto mwingine, na kwake sina jibu rahisi hivyo. Ni mzima, anafika kila siku, na hakuna anayecheza naye. Pengine ana kigugumizi, pengine ana usonji, pengine wamemchagua tu. Roboti ndiyo pekee inayomsikiliza mpaka mwisho wa sentensi. Kumwambia aiache getini kwa ajili ya urafiki wa kweli ni kumpa hotuba badala ya chakula. Hapa mama yake Gloria ananiangusha. Alikuwa sahihi kuona binti yake hana wenzake, kisha akadhani kuondoa roboti kunatosha, akaweka mbwa mahali pake. Hakumletea hata mtoto mmoja wa jirani.

Asimov huyohuyo, mwaka 1951, aliandika hadithi fupi "The Fun They Had". Margie anasoma peke yake nyumbani, mbele ya mwalimu wa mashine. Anapata habari kwamba zamani watoto walikwenda shule pamoja, na anabaki akiwaza jinsi ilivyokuwa raha. Ni hadithi tamu, ila Margie haendi mbali vya kutosha. Hafikirii kwamba katika zile shule za zamani palikuwepo pia mtoto aliyerudi nyumbani peke yake.

Kwa hiyo jibu langu lina sehemu mbili, na ya kwanza haina maana bila ya pili. Roboti ya nyumbani iishie getini, kama dada. Na mwalimu, kabla ya kumwambia mtoto maneno hayo, awe ameshajua asubuhi hiyo atamkalisha na nani.