Sababu Iko Wapi?

Hulugho, kama kwingineko Garissa nchini Kenya, watu wanaijua saratani ya umio. Mgonjwa huanza kushindwa na nyama, baadaye anjera, mwishowe hata maziwa ya ngamia hayapiti. Jamaa huuliza imetoka wapi. Wengi hutaja chai inayonywewa ikifuka moshi, na mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani, IARC, lilisema vinywaji vyenye joto la zaidi ya nyuzi 65 yamkini husababisha saratani hii. Mbona basi wanaokunywa birika moja hawaugui wote?

Tumezoea kudhani ubaya hukaa ndani ya kitu chenyewe. Seli zinatukatalia. Iko ishara iitwayo Notch, ambayo seli hupewa na jirani yake. Katika seli changa za damu aina ya T, huamsha jeni ya MYC na seli zikazaana; isipozimika, lukemia, yaani saratani ya damu, huingia. Mwaka 2004 ilibainika kuwa zaidi ya nusu ya lukemia za seli hizo zina Notch iliyobadilika ikawa haizimiki. Kwenye utando wa umio, ishara hiyo hiyo huiamuru seli iache kugawanyika, ikomae. Hapo Notch ni breki.

Ujumbe ni mmoja, wapokeaji ni wawili. Kila jeni ina promota, kipande cha DNA ambapo usomaji wake huanzia. DNA ni karibu ile ile mwilini kote, ila kila aina ya seli imeikunja kivyake: promota iliyo wazi huku imefungwa kule, na protini zinazoisaidia ni nyingine. Waliojaribu semagacestat, dawa ya Alzheimer, waliliona hilo kwa uchungu. Dawa iliizuia Notch pia, ambayo kwenye ngozi nayo ni breki; saratani ya ngozi ikaongezeka, na majaribio yakasitishwa mwaka 2010.

Kwangu mimi, sababu ni uhusiano: ishara ikikutana na seli yenye historia yake, na vivyo hivyo chai ikikutana na koo la mnywaji. Wapo watakaosema basi chai haina hatia, au mgonjwa ndiye mwenye kasoro. Nakataa yote mawili. Hakuna aliyechagua namna DNA yake ilivyokunjwa, na hakuna anayeiona kwa macho. Joto la kikombe tunaliona na tunaliweza.

Basi, ndugu zangu wa Hulugho, chai ipoe kwanza. Na chakula kikianza kukwama kooni, msingoje hadi maji nayo yakatae: nendeni hospitali mapema.