Cha Mvunguni ni cha Nani?

Ifikapo mwisho wa mwezi wa Machi, kabla mvua hazijashika, wakazi wa Hai Mauna mjini Juba huanza kutoa vitu nje. Magodoro huanikwa juani, vitanda vya kamba husimamishwa ukutani na kumwagiwa maji ya moto ili kunguni wafe, na masanduku ya bati huburutwa kutoka mvunguni hadi uani, kila moja likiacha mchirizi wake vumbini. Kazi hii ni ya lazima wala si ya anasa. Mvua zikianza, maji huingia katika nyumba zilizo mahali pa chini. Na mchwa, ambao kiangazi chote hufanya kazi yao kimya kimya, huwa wamekwisha kuonja miguu ya meza na pembe za vitabu. Asiyetoa vitu vyake nje mwezi wa Machi atavitoa mwezi wa Mei vikiwa vimeloa.

Sisi tufundishao Kiswahili hapa tumezoea kuwachekesha wanafunzi wetu kwa jina la mtaa. Kwa sikio la Mswahili, hai ni kile chenye uhai. Kwa Kiarabu neno hilo hilo hubeba maana mbili, uhai na mtaa, kana kwamba wenye lugha yao hawakuona tofauti kubwa kati ya kuishi na kuwa na majirani. Na mauna, tukilisoma kwa Kiarabu, ni msaada, ndugu ya auni yetu. Tunalitaja jambo hili hapa kwa sababu litatufaa mbele.

Katika nchi zenye baridi kali kazi hii hufanywa katika majira ya kuchipua, madirisha yaliyofungwa miezi kadhaa yanapofunguliwa. Waajemi huifanya kabla ya Nairuzi, mwaka wao mpya uangukao mwezi wa Machi, nao huiita kwa lugha yao kuitikisa nyumba. Nairuzi hiyo ilivuka bahari ikafika pwani yetu. Na kwa kuwa mwaka wa Nairuzi wa Waswahili una siku 365 tu, bila ya siku ya nyongeza kila mwaka wa nne, umekuwa ukihama polepole katika majira, hata leo huko Makunduchi, Unguja, Mwaka Kogwa huadhimishwa mwezi wa Julai. Wanaume hupigana kwa mashina ya migomba mpaka kinyongo cha mwaka kiishe, kisha kibanda cha makuti huchomwa moto. Hivyo basi watu wa mbali na watu wa karibu wamekubaliana katika jambo moja, kwamba mwaka hauanzi vema mpaka kitu fulani kitolewe ndani.

Lakini kitolewe kipi? Hapo ndipo fikira zinapogawanyika.

Mwaka 2014 kilitolewa kwa Kiingereza kitabu cha Marie Kondo wa Japani, ambacho kimesomwa na mamilioni ya watu. Anafundisha kwamba mtu ashike kila kitu chake mkononi, ajiulize kama kinamletea furaha, na kama hakimletei, akishukuru na kukiaga. Miaka mitatu baadaye Margareta Magnusson wa Sweden akaandika juu ya desturi ya kwao ya mtu mzima kupunguza vitu vyake mapema, ili akifa asiwaachie wengine mzigo wa kuchambua makorokoro yake. Na zamani sana, Wagiriki walisimulia habari za Diogenes aliyemwona mtoto akinywa maji kwa viganja, akaona haya, akakitupa kikombe chake.

Hatuwacheki watu hawa. Magnusson hasa ana heshima ndani ya fikira yake, kwa maana anawafikiria watakaobaki. Hata hivyo wote watatu wanaanzia mahali pamoja, nasi hatuwezi kuanzia hapo. Wanachukulia kwamba vilivyomo nyumbani mwa mtu ni vyake. Kikombe kilikuwa cha Diogenes. Je, kama kingekuwa cha jirani?

Kuna jambo jingine wanalolipita upesi, nalo ni mahali kinapokwenda kilichotupwa. Sisi tunapajua, kwa kuwa tunaishi huko. Shati lililoagwa kwa shukrani katika chumba fulani cha Ulaya hufungwa robota, hupanda meli, na siku moja hutandazwa juu ya turubai katika soko la Konyo Konyo. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Sudan Kusini ilijiunga nayo mwaka huo huo, waliazimia kuikomesha mitumba hatua kwa hatua ifikapo 2019. Marekani ikakasirika, na mwaka 2018 ikaiondolea Rwanda nafuu ya ushuru wa nguo. Mitumba ingalipo. Hatusemi kwamba ni mbaya. Wengi wetu tumeivaa tukisimama mbele ya darasa. Tunasema tu kwamba usafi wa nyumba moja aghalabu ni shehena ya nyumba nyingine, na kwamba anayesema amekitupa kitu mara nyingi amekihamisha.

Sasa turudi mvunguni. Wahenga walinena kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kwa miaka mingi tumeufundisha usemi huu kama funzo la unyenyekevu au la bidii. Hatukuwahi kuuliza darasani cha mvunguni ni cha nani. Tulikuja kuliuliza kwetu nyumbani.

Mvunguni mwa kitanda chetu palikuwa na sanduku la bati lenye kufuli ndogo. Liliachwa na mama mmoja jirani, mwenye watoto wanne, siku chache baada ya mapigano ya tarehe 8 hadi 11 Julai 2016, alipokuwa akijiandaa kukimbilia Uganda. Alisema maneno machache: "Mwalimu, niwekee hili. Nitarudi." Ufunguo akaenda nao. Tuliliweka. Mapatano ya amani ya Septemba 2018 yakaja, jirani hakuja. Namba ya simu aliyotuachia iliita kwa mwaka mmoja na nusu, kisha ikanyamaza. Kila Machi tulilivuta sanduku, tukafagia pale lilipokuwa, tukalirudisha. Mwezi wa Aprili 2023 vita vikazuka Khartoum, na kabla mwaka haujaisha jamaa saba walikuwa wamefika kwetu kupitia Renki, mkono mtupu, nasi tuna vyumba viwili. Kila shubiri ya sakafu ikawa na wa kuilalia.

Tuliomba ushauri. Mzee mmoja wa mtaani, ambaye busara yake hatuitilii shaka, alitukataza kwa neno zito. Alisema kwamba kufungua sanduku la mtu asiyekuwapo ni kumzika. Maadamu limefungwa, yeye yu safarini. Likifunguliwa, huo umekuwa mgawanyo wa mirathi. Jamaa zetu waliotoka Khartoum nao waliona vingine. Walisema kwamba wao waliacha nyumba nzima, na laiti mtu angeifungua na kuvitumia vilivyomo kuliko kuviacha viibiwe. Pande zote mbili zilisema kwa haki ya yaliyowapata, na ndiyo maana hatukuweza kupima kwa kuhesabu kura.

Hapa sarufi ilitusaidia kidogo, kama inavyoweza kuwasaidia walimu wake. Kiswahili kina kuweka na kina kuwekea. Mama yule hakusema "weka", alisema "niwekee". Irabu zile zilizoongezwa mwishoni, ambazo wanafunzi wetu huzilalamikia kila muhula, ndizo zilizolibeba jambo zima. Anayeweka ana kitu na mahali; anayewekea ana kitu, mahali na mtu. Basi swali la Mjapani, kwamba kitu hiki kinaniletea furaha au hakiniletei, halina pa kukaa. Furaha yetu haimo katika tendo. Wala swali la Diogenes halimo, kwamba twaweza kuishi bila hicho. Twaweza, naam. Yeye je?

Lakini tuliendelea kufikiri tukagundua kwamba tulikuwa tumejidanganya kwa miaka saba. Tulidhani kutogusa ndiko kutunza. Fikiri juu ya mtumishi yule wa Injili aliyeifukia talanta ya bwana wake ardhini akairudisha kama ilivyokuwa. Alikaripiwa, ingawa hakupoteza kitu. Waislamu nao, katika elimu yao ya amana, husema kwamba mwenye kuwekewa halipi kikipotea bila ya kosa lake, ila akizembea hulipa. Kuzembea, basi, ni aina ya kugusa. Mkono usiofanya kitu nao umefanya.

Tukalifungua mwezi wa Februari 2024, mbele ya yule mzee na mama mmoja wa kanisa lake jirani yetu. Mzee alikuja ingawa alikataa. Alisema kama lazima lifunguliwe, afadhali awepo mtu aliyelipinga. Tunamshukuru kwa hilo kuliko kwa ushauri wake.

Chini sanduku lilikuwa limeliwa na kutu, na kwa tundu lile mchwa walikuwa wameingia. Ndani mlikuwa na sufuria mbili, kanga nne, nguo za watoto, sweta ya shule ya rangi ya buluu, picha moja ya harusi, na bahasha ya vyeti. Vyeti vitatu vilikuwa vizima. Cha nne kilibaki pembe tu, yenye nusu ya muhuri. Hatukuweza kujua kilikuwa cha mtoto yupi. Katika nchi hii, ambamo mtu huulizwa karatasi kabla ya kuulizwa jina, na ambamo mtoto aliyezaliwa njiani hana pengine pa kuthibitisha kwamba amezaliwa, ile pembe ya karatasi ilitunyamazisha wote. Si mchwa waliokula cheti kile. Ni uaminifu wetu wenyewe, ule tuliojivunia kila Machi tulipolirudisha sanduku mvunguni bila kulifungua.

Ndugu msomaji ataona kwamba hatuzungumzii tena unadhifu. Au labda tunauzungumzia kwa mara ya kwanza. Mazagazaga ni nini hasa? Tulizoea kudhani kwamba ni vitu vingi. Sasa twaona kwamba kitu huwa zagazaga pale kinapokosa mtu wa kukijibia, hata kama ni kimoja. Sanduku lile lilikuwa safi na limefungwa, na lilikuwa takataka, kwa kuwa hakuna aliyejua limebeba nini wala limeharibika kiasi gani. Wenzetu wa pwani husema mali bila daftari huisha bila habari, nasi tulikuwa tumeusema usemi huo darasani mara nyingi, ubaoni ukiwa umeandikwa vizuri kwa chaki.

Bado kuna la nguo. Miongoni mwa jamaa waliotoka Khartoum alikuwamo mvulana wa miaka tisa, na Juba huwa na asubuhi za baridi mvua zikinyesha usiku kucha. Sweta ilimwenea. Mtoto aliyewekewa sweta ile, popote alipo, sasa ni kijana aliyeota ndevu, haimwenei hata mkono mmoja. Tukampa mvulana. Hoja ni nyepesi: kitu kimepitwa na mtu wake, na mtu mwingine anakihitaji leo. Hata hivyo hatuna utulivu kamili juu ya jambo hili. Kila anapopita uani na ile buluu, twakumbuka kwamba mama yule hakuacha sweta ili ivaliwe. Aliiacha ili kuwe na kitu chake Hai Mauna. Sanduku lilikuwa nafasi yake mtaani, kama kiti kilichowekewa leso na mtu aliyetoka kidogo. Tumepunguza nafasi hiyo. Mzee alipoambiwa alitikisa kichwa tu, hatukujua kwa kukubali au kwa kukataa.

Tuliandika kila kitu katika daftari, nakala mbili, na mashahidi wakatia sahihi. Nakala moja alichukua msafiri aliyekuwa akielekea Yumbe, upande wa Uganda, ambako kambi ya Bidi Bidi ilifunguliwa mwaka ule ule wa 2016. Jibu halijafika. Sanduku lilitiwa bati jipya chini, nalo sasa halikai mvunguni. Liko juu ya matofali manne karibu na mlango, ambapo kila aingiaye huliona na wengi huuliza ni la nani. Vyeti vitatu, na ile pembe, tumevifunga katika nailoni.

Machi iliyopita tulilitoa tena pamoja na magodoro. Tulianika kanga, tukapangusa sufuria, tukasoma daftari kwa sauti kama tunavyosoma orodha ya mahudhurio. Penye mstari wa sweta pameandikwa: imetolewa, tunadaiwa moja.