Kidonda cha Mraibu

Mwili ulioungua huomba mambo mengi kwa wakati mmoja: maji, chakula, usafi, usingizi na subira. Mwili wa mraibu huomba jambo moja tu, tena huliomba kabla ya mengine yote. Miili hii miwili ikutanapo katika mtu mmoja, tabibu huwa na mgonjwa mmoja kitandani na madai mawili yapinganayo mbele yake.

Mfano mashuhuri ni Richard Pryor, mchekeshaji wa Marekani. Tarehe 9 Juni 1980, huko Los Angeles, katika siku alizotawaliwa na kokeini, aliungua karibu nusu ya mwili. Kwanza ilisemwa kuwa ni ajali. Miaka baadaye mwenyewe alikiri kwamba alijimiminia pombe kali akajiwasha moto, akili ikiwa imemtoka. Alilazwa wiki sita hivi. Katika filamu yake ya mwaka 1982 aliyafanya mateso ya kuoshwa vidonda kuwa kichekesho, na watu wakacheka. Lakini moto ule wote haukutosha kumwachisha kokeini, aliirudia.

Je, aliyejichoma kwa mkono wake ana haki ya kutulizwa maumivu sawasawa na mtoto aliyemwagikiwa na uji wa moto? Wako wanaoamini kuwa hana. Aghalabu hawasemi kwa kinywa. Husema kwa kuchelewesha sindano. (Neno uraibu lenyewe zamani pwani lilikuwa tambuu na tumbako tu, wala halikumnyima mtu heshima.)

Maoni hayo hushindwa kwanza na mwili wenyewe. Mtu aliyezoea heroini hupungukiwa na nguvu ya mofini: kipimo kinachomlaza mwenziwe kwake ni kama tone baharini. Akinyimwa, arosto humwingia. Hutapika, huharisha, hutetemeka, hakeshi kwa hiari bali kwa kukosa usingizi. Hayo humpata wakati ambapo moto umeuzidishia mwili kazi, pengine hata maradufu, naye asiyekula hana cha kujengea ngozi. Mwenye maumivu makali hukataa kuoshwa; kidonda kisichooshwa huoza; na ngozi iliyopandikizwa juu ya uozo haishiki. Kokeini nayo hubana mishipa ya damu, hali ngozi mpya huishi kwa damu itokayo chini yake. Basi adhabu iliyokusudiwa nafsi huangukia kidonda.

Hushindwa pili na uadilifu. Dereva aliyekwenda mbio akaungua garini haulizwi kosa lake kabla ya kupewa dawa, wala aliyelala na sigara mkononi. Kwa nini mraibu peke yake asomewe hukumu kitandani?

Hata hivyo hofu ya tabibu si ya kubezwa. Mofini ikipita kiasi huzima pumzi, na mgonjwa mwerevu hujua kulia pasipo maumivu. Pana njia ya kati: methadoni hutuliza arosto, na dawa ya maumivu huongezwa juu yake kwa kipimo chake. Tanzania imeitumia methadoni kutibu uraibu wa heroini tangu mwaka 2011, ilipoanza kutolewa Muhimbili.

Ugumu hubaki siku ya kuruhusiwa. Kovu la moto huwasha na kuvuta kwa miezi mingi, na nguo ya kulibana huvaliwa usiku na mchana katika joto. Mgonjwa hurudi mtaa ule ule, kwa rafiki wale wale, na mmoja wao anacho kitu cha kumsahaulisha mwasho huo kwa usiku mmoja.