Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Vyuo vikifungwa, vijana wetu wengi huchanga pesa na marafiki, wanapanda SGR au basi la usiku, na kwenda Pwani wiki moja. Ni jambo zuri. Mungu hakuumba bahari ili tuitazame kwa simu tu. Lakini kuna swali ambalo kijana afunge nalo safari: je, nikishalipa nauli, chumba na chakula, bado nina deni lolote kwa watu wa pale?

Wengi watasema hapana. "Nimelipa, bwana!" Na kweli, kulipa ni haki. Lakini hebu tuangalie pesa inanunua nini. Pesa ya dafu inanunua dafu. Hainunui ruhusa ya kumwita mama anayeuza kwa mluzi, au kumpiga picha bila kumuuliza. Kiingilio cha hifadhi ya bahari pale Watamu kinakuruhusu kuingia. Hakikuruhusu kukanyaga matumbawe, wala kumtoa majini kiti cha pweza, yule kiumbe mwenye umbo la nyota, ili kila mtu apige naye picha. Yeye hupumua majini. Mkipokezana naye juani watu kumi, ninyi mtaondoka na picha. Mvuvi wa pale atabaki na bahari iliyopungua.

Mtu atauliza, na hizo bei wanazotupandishia sisi watu wa bara je? Ni swali la haki. Kupatana bei si dhambi, na mwenyeji anayemlangua mgeni naye ana hesabu yake mbele za Mungu. Lakini kupatana ili mfikie bei nzuri kwa wote ni jambo moja. Kumbana mtu kwa sababu unaona jua linatua na hajauza ni jambo lingine. Ukimshusha mwenye mashua mpaka pesa haitoshi hata mafuta, halafu jioni mnatumia mara tatu yake kwa kuku na soda, basi shida haikuwa pesa. Mlitaka tu kushinda. Na mliyemshinda ana watoto wanaosubiri unga.

Pwani yenyewe imeonja wageni wa kila aina. Mwaka wa 1498 Vasco da Gama alifika Malindi, akapokewa vizuri, akapewa mtu wa kumwongoza mpaka India. Nguzo ya Wareno ingali pale, na vijana huenda kuiona. Miaka 7 baadaye, mwaka wa 1505, Wareno waliirudia Pwani kwa mizinga, wakaipora Mombasa na kuichoma moto. Mwaka wa 1593 wakaanza kujenga Fort Jesus. Kijana anayepiga picha ukutani pale ajue amesimama kwenye kumbukumbu ya mgeni ambaye mwenyeji wake hakupona.

Maana wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Tunaitumia kwa mzaha, kwamba siku ya mgeni hata wenye nyumba wanakula kuku. Lakini ni kipimo kizito. Haiulizi mgeni amefurahi kiasi gani. Inauliza mwenyeji amebaki vipi.

Mkumbuke Elia. Naye alikuwa mgeni katika mji wa pwani, Sarepta kule Sidoni, nyumbani kwa mjane aliyebakiwa na unga wa mlo mmoja. Tena Elia aliomba huo huo wa mwisho! Lakini baada ya yeye kufika, unga haukuisha chomboni wala mafuta hayakupungua. Mama na mwanawe waliishi.

Kijana wetu hana uwezo wa kuongeza unga. Ana uwezo wa kumwita mwenye tuktuk kwa jina lake, kusalimu kabla ya kuuliza bei, kuvaa kwa heshima akipita Mji wa Kale, kuokota chupa zake ufukweni, na kulipa bei ambayo angetaka baba yake alipwe.

Nasi wazazi, wakirudi, tusiishie kusema, "Tuonyesheni picha." Tuwaulize, "Waliowapokea wanaitwa nani? Na mliwaacha vipi?" Kijana aliyekaa siku 7 mahali na hana jibu, alilipa kila kitu na bado ana deni.