Kutazama Kinachokufa

Sisi watu wa Makambako na Njombe baridi tunaijua, ila theluji hatuna. Mama watoto akasema, "Twende tukaione ya Kilimanjaro kabla haijaisha." Kweli inakwisha: kati ya 1912 na 2007 mlima ulipoteza takriban asilimia 85 ya barafu yake. Tukashuka na gari, tukapita Mikumi, tukalala Saadani ambako mbuga inakutana na bahari, kisha tukaelekea Moshi.

Sasa nauliza, ndugu msomaji: kukimbilia kutazama kitu kwa sababu kinakufa, ni upendo au uroho tu? Anayemwendea mgonjwa ili akasimulie kwamba alimwona, huyo hakwenda kumjulia hali. Aliyekwenda kweli hupunguza sauti, na huondoka mapema. Pwani ya Saadani kasa hutaga, na watoto wao wakianguliwa huifuata nuru mpaka majini. Tochi yako huwapoteza. Anayewapenda huizima, akaridhika kuona kidogo.

Mama watoto anabisha: "Usichokiona hutakililia." Sawa, lakini theluji haiponi kwa machozi, na moshi wa gari letu umo katika joto hilo. Kipimo changu kimoja: uko tayari kuona kidogo ili kibaki? Kama hapana, basi hukukipenda. Ulikuwa na njaa ya macho.