Amri ya Nne na Usalama wa Wazee Wetu

Hapa Bujora, ngoma za watemi wa Usukuma zinatunzwa katika makumbusho. Twafanya vema kuzilinda. Lakini je, wazee walio hai tunawalinda vivyo hivyo?

Wilayani Misungwi yapo Makao ya Wazee Bukumbi, yanayoendeshwa na serikali. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 huyahesabu makao ya namna hii kuwa kimbilio la mwisho. Mlezi wa kwanza ni familia. Hata hivyo, katika Usukuma yetu nyumbani napo pamekuwa mahali pa hatari. Vikongwe wameuawa kwa mapanga wakidhaniwa wachawi, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu. Wekundu huo waliupata kwa moshi wa jikoni, wakitupikia sisi.

Basi ukuta na mlinzi havitoshi. Luther, akiifafanua Amri ya Nne, anatufundisha kwamba kuwaheshimu wazazi ni pamoja na kuwatumikia. Kutumikia ni kumgeuza aliyelala asipate vidonda, kumwita kwa jina lake, na kumsadiki anaposema ameumizwa. Yesu mwenyewe, akiwa msalabani, alimkabidhi mama yake kwa mwanafunzi aliyempenda.

Tupeleke unga na sabuni Bukumbi, lakini pia tukae nao, tuwaulize wamelalaje. Na huku vijijini, bibi anaponong'onwa kuwa mchawi, Mkristo asinyamaze. Kunyamaza kwetu ndiko kunakomnoa panga.