Pesa ya Pamba Ipite na Kwenye Kitabu

Hapa Dutwa ukitaja kitabu, wengi wetu tunamfikiria mwanafunzi. Kitabu ni cha mtihani, na aliyemaliza shule amemalizana nacho. Nalipinga wazo hilo kila nipatapo nafasi. Safari hii nalipinga kwa kutaja majina ya vitabu, maana kumhimiza mtu asome bila kumwambia asome nini ni kumtuma gulioni bila kumwambia akanunue nini.

Naanza na Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu, kumbukumbu za Rais Ali Hassan Mwinyi zilizozinduliwa Mei 2021. Hiki ni cha wazee wetu. Mkoa wetu wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012. Kabla ya hapo wilaya yetu ya Bariadi ilikuwa mkoa wa Shinyanga. Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, vyombo vya dola viliwakamata watu wakituhumiwa kwa mauaji ya kishirikina. Waliteswa mahabusu, na baadhi yao wakafa. Mwinyi alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Hakumgusa mtu kwa mkono wake, lakini mwaka 1977 alijiuzulu, akasema dhamana ni yake. Mwaka 1985 akawa Rais. Kwingine wanamkumbuka kwa ruksa ya biashara na bidhaa kurudi madukani. Sisi tuna sababu yetu ya kumsoma: waliokufa walikuwa watu wa kanda hii. Natamani kijana amsomee babu yake kwa sauti jioni, kisha afunge kitabu amsikilize na yeye.

Kwa vijana, na kwa yeyote aliyewahi kukopa, napendekeza Peponi. Ni riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Aliiandika kwa Kiingereza mwaka 1994, na Ida Hadjivayanis akaileta kwa Kiswahili mwaka 2022. Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili, anapandishwa treni na tajiri anayemwita mjomba. Kwenye duka la tajiri huyo kijana mwenzake, Khalil, ndiye anayemzindua: huyu si mjomba wako, baba yako anadaiwa, na wewe ndiwe rehani. Niliposoma hapo nilikiweka kitabu chini kwanza. Baadaye msafara wa tajiri unaingia bara, na msomaji wa Usukumani ataisoma safari hiyo akiwa upande wa waliofikiwa.

Ushairi? Mtu aliyekulia kwenye ngoma za Kisukuma za Wagika na Wagalu, ambako mtunzi hodari huwavuta watu wote upande wake, hahitaji kufundishwa thamani ya utungo. Ampate Dotto Rangimoto wa Morogoro, Mwanangu Rudi Nyumbani, diwani iliyoshinda Tuzo ya Mabati-Cornell mwaka 2017. Na kina mama wanaosema riwaya ni mambo ya wanaume wamtafute Zainab Alwi Baharoon wa Zanzibar, aliyeshinda tuzo hiyohiyo mwaka 2018 kwa Mungu Hakopeshwa.

Najua mtaniambia vitabu hivi havipo kwenye maduka ya hapa senta, ambako kuna madaftari na kalamu tu. Ni kweli, na inaniuma. Lakini tunaagiza vipuri vya pikipiki Mwanza vinakuja na basi. Kitabu nacho kitakuja na basi hilohilo. Pamba ikishapimwa na malipo yakitoka, majirani wachange, wanunue kimoja, kizunguke kaya kwa kaya hadi msimu wa kupanda.

Mkiweza kimoja tu mwaka huu, kiwe cha Mwinyi. Waliokuwa watu wazima mwaka 1976 sasa wamevuka miaka sitini na mitano, wengine wamevuka themanini, na bado wapo wanaoweza kutuambia walichokiona.